Springi ya Pikipiki

Mpiga gitaa aliguna alipoona springi ya valvu ya pikipiki ndani ya gitaa lake, mahali pa ile iliyokatika.

“Dada, mi napiga muziki ya mawimbi. Sauti lazima itetemeke, halafu irudi. Hiyo hairudishi kitu.”

Houda, fundi aliyeifunga, hakujua kupiga hata wimbo mmoja. Ila katika gereji zao za Buyenzi, fundi hakabidhi kazi kabla hajaijaribu mwenyewe. Kwa kidole chenye grisi akapiga uzi mnene, akakandamiza hadi mwisho ule mkono wa chuma wa gitaa unaolegeza nyuzi. Sauti ikazama ikiyumba. Akauachia.

Sauti ikapanda, ikatua palepale ilipoanzia.

Wagonga bodi za magari wa jirani wakashusha nyundo.

“Rudia,” mpiga gitaa akanong’ona.

Houda akamsogezea gitaa. “Rudia we mwenyewe, kaka.”