Kanga wa Bi Mwanahawa

"Kanga za kuvaa zinauzwa duka la pili, mama," muuza ndege alimtania.

Bi Mwanahawa hakucheka. "Nawataka hawa wenye madoadoa. Ni kweli wakimwona mgeni wanapiga kelele?"

"Mpaka mtaa wa tatu wanasikika! Lakini chukua kuku, mama. Hawa watakuchosha."

"Wacha wanichoshe."

Mwaka jana alikuwa akipalilia mihogo mwisho wa shamba, wakati binti yake Siwema, aliyekuwa ameondoka nyumbani kwa hasira, alipofika mlangoni. Siwema alipiga hodi mara tatu, kama adabu inavyotaka. Hakuitikiwa, akaenda zake. Jirani ndiye aliyemwona.

Bi Mwanahawa aliwafungia kanga bandani wiki mbili wazoee, kisha asubuhi moja akawafungulia uani. Akachukua jembe, akashuka mpaka kwenye mihogo. Alilima kidogo, akasimama kusikiliza, akalima tena.

Jua lilipopanda, kanga wote walilipuka kwa kelele.

Jembe lilimponyoka. Alikimbia akipasua majani ya mihogo, na kabla hajauona hata mlango, alikuwa tayari anapaza sauti: "Karibu! Karibu, mwanangu, usiondoke! Karibu!"