Nailoni ya Wageni

Mume wangu alikuwa anaunda ndege ndogo ya mbao, ya kurusha kwa rimoti. Nailoni aliyoikata kufunika karatasi ya mchoro, anayoundia juu yake, ilikuwa yangu, ile ninayotandika mezani wageni wakija.

"Gundi ikidondoka, bawa litagandia karatasi," alisema bila hata kuniangalia. "Usinune, mama watoto."

Niliinama. Chini ya nailoni, kando ya bawa lililochorwa, niliona mwandiko wa mtalaka wake: *Hapa taratibu, mpenzi.*

"Kwani huna mchoro mwingine?"

"Ni huu tu." Akalilainisha kunyanzi la nailoni kwa kiganja, polepole, mpaka likalala. Mimi hata shuka hajawahi kuninyooshea.

Akapaka gundi, akaunganisha vijiti vya bawa, kisha akaenda jikoni kunywa maji. "Nishikie lisihame!"

Gundi ilikuwa bado mbichi. Nililinyanyua bawa, nikaichomoa nailoni yangu, nikalirudisha bawa juu ya yule "mpenzi" na kulikandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Limeshika?" aliuliza kutoka jikoni.

"Limeshika, baba watoto. Hapo halibanduki tena."