Posti ya Kusharje ya Lusangi

— Umeme ya Lusangi iko na ubaya gani? Ilikuuma?

— Haina nguvu.

— Haina nguvu? Ruphin anasharjeka pale kila safari, kamiyo yake inajaa. Ni wewe peke yako umeme inakukatala?

Shofere Célestin akainama. Alikuwa anaangalia mapira ya kamiyo kama mutu mwenye kutafuta musumari. Enjeniere Plamedi alisimama mbele yake mu parking ya Kasongo, mikono kwenye kiuno, na hakukuwa mutu wa kumunyamazisha. Ni yeye alijengesha zile posti zote mpaka Salamabila, mapano ya jua na batri kubwa, ili kamiyo zibebe chumvi na simenti bila mazutu, bila ule moshi mweusi. Na sasa kamiyo ya Célestin ilizimika tena mu pori, mvua ikapiga muzigo, simenti yote ikageuka mawe. Sababu ni moja tu: shofere alipita Lusangi bila kusimama.

Alimwambia wazi mbele ya wenzake. Leo watapanda wote wawili mu kabine. Akipita Lusangi tena, usukani unaenda kwa mwingine, na yeye atarudilia kusukuma kinga, baiskeli ya mizigo, kwenye milima, kama zamani.

Ni Ruphin ndiye alimuokoa. Ruphin naye ni shofere, mwana wa Kabambare. Alimuvuta Enjeniere pembeni, akamufasiria polepole. Mwenye kuchunga posti ya Lusangi, mwenye kushika ufunguo wa sanduku ya kamba ya umeme, ni Mama Léontine. Na Mama Léontine ndiye alizala Consolée, bibi ya Célestin. Kwetu mwanaume haangalie mama mukwe kwa macho. Hamupe mukono, hakule mbele yake. Wakikutana mu njia, mumoja anaingia mu majani. Ata jina ya mukwe wake, mama hataji. Anamwitaka baba Faida, jina ya mutoto, tena anapitishia kwa mutu mwingine. Na mazutu, shofere angejaza tanki akimbie. Lakini batri inakunywa polepole. Utashinda pale muchana muzima, mu lupango, ndani ya uwanja wa mukwe wako, kama mbuzi kwenye kamba.

Plamedi alikomalia mbali, mu muji mukubwa. Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akamurudilia Célestin, akamuomba musamaha. Alisema kumbe alikuwa anatukana mutu mwenye heshima.

— Kwa nini hukuniambia, papa?

— Ile haiko kitu ya kusema.

Uso wake ulikuwa unawaka. Ruphin akamupiga ku bega, akasema wanaume wenye haya kama huyu wamebakia wachache. Ile neno ikamuchoma Célestin kuliko matusi yote ya asubuhi.

Plamedi akapiga simu Lusangi. Mama afungue sanduku, aache ufunguo, aingie mu nyumba. Yeye Plamedi atachomeka kamba mwenyewe. Na baadaye atajengesha kaukuta pale, wakwe wasipate shida. Mama Léontine hakuuliza kitu. Alisema tu: alete kamiyo.

Mu njia Plamedi alikuwa na furaha, alitaka kusimuliwa desturi zote. Akauliza sababu gani Célestin asingetuma bibi yake aongee na mama yake, wapange mambo kati yao.

— Consolée haiko nyumbani.

Célestin akakamata usukani na mikono mbili, ata njia ilikuwa nzuri pale.

Walifika Lusangi batri ikiwa karibu kukauka. Célestin alizima, akavuta kofia mpaka ku pua, akabakia mu kabine. Chini ya mapano kulikuwa watu wenye kusharje simu, na wachimbaji wenye kungojea moto ya umeme ya mashini yao. Walimujua. Mumoja akaita: eh, mukwe, ingia mu majani, lakini uingie na kamiyo yako. Wakacheka wote.

Mama Léontine hakuwa mu nyumba. Alikuwa amesimama kwenye sanduku, kamba ku mukono.

Plamedi akashuka mbio, akamukumbusha vile walisikilizana. Mama akamupita kama nguzo. Akazunguka kamiyo mpaka kwenye mulango wa shofere, akaufungua mwenyewe.

— Célestin.

Jina yake kabisa, mbele ya watu. Kicheko kikakatika. Muchimbaji mwenye kuchekesha wengine akageuka, akaangalia ukuta wa nyumba.

— Shuka. Unipe mukono.

Plamedi alianza kutabasamu. Aliambia watu wamuone huyu mama, amekubali kuacha desturi ya wazee ili kazi iendelee. Akapiga makofi, peke yake.

Célestin alishuka. Alitoa mukono, na Mama Léontine akaushika, lakini hakumusalimia. Aliugeuza, akauangalia juu, akauangalia na chini, kama mutu mwenye kuangalia panga ya jirani.

— Kumbe ni huu.

Makofi ya Plamedi ikafa.

— Ile haya ya ukwe ninalindaka kwa mukwe wangu, Mama Léontine akasema. Wewe ni shofere tu.

Akachomeka kamba mu kamiyo, akageuka, akaenda zake ku nyumba, kwenye Consolée alikuwa amesimama mu mulango, mukono wake wa kuvunjika umefungwa na vijiti.