Baba Anarudi Nongoma

"Baba, tunaingia Gingindlovu," Mfanafuthi aliliambia tawi lililolala mapajani mwake. "Hapa ndipo wazee wetu walipopigana na Waingereza."

"Mtajie na mwaka," alisema dada yake Zodwa, mikono kwenye usukani. "Baba si unamjua."

Kaka hakumjibu. Haruhusiwi. Tangu walipolipitisha tawi la mti wa umlahlankosi juu ya kitanda cha hospitali alikofia Baba kule Durban, wakaiita roho yake ipande tawini, mwenye tawi haongei na mtu mwingine mpaka nyumbani. Anaongea na Baba tu. Kila mto, kila kona, amwambie. Tawi likipotea, Baba naye kapotea. Atatangatanga barabarani, na mama yao hatapata usingizi maisha yake yote.

Na Baba mwenyewe sasa, jamani! Barabara hii ndiyo aliyotembezea watalii mpaka akastaafu. Ukikosea jina la kilima mbele yake, anakusahihisha mpaka unajuta kuzaliwa.

Melmoth walisimama kununua mbuzi wa kumchinjia Baba akifika. Mfanafuthi akapanda nyuma ya pikapu kumfunga, tawi kwapani. Zodwa akavuka barabara kutafuta maandazi. Aliporudi, kaka yake bado yuko kule nyuma, jasho linamtiririka, mikono mitupu, na mbuzi kafunikwa blanketi, bado anatafuna.

"Heh! Leo mbuzi ndiye anasikia baridi? Shuka bwana, njoo mbele."

Mfanafuthi akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamlengalenga.

"Baba," akasema, sauti inakwaruza, "tunaondoka Melmoth."

Zodwa akamwonea huruma. Msiba ndio unamwingia sasa, maskini. Akamrushia andazi, akawasha gari. Kwenye kioo alimwona akilimega katikati, nusu yake, nusu ya mbuzi.

Njia nzima alimsikia akipiga kelele kuushinda upepo. "Baba, hili bonde la wafalme! Baba, tunavuka Mfolozi, shikilia! Baba, nisamehe!"

Mvua ilipowakuta Ulundi, alivua koti, nalo akamvika mbuzi. Huyu keshachanganyikiwa, Zodwa aliwaza, akakanyaga mafuta.

Nongoma, ukoo mzima ulikuwa getini, mama yao mbele, amejifunika shali. Mzee Mandlenkosi, mdogo wa marehemu Baba, hakutaka maneno mengi. Alimshika mbuzi pembe, akamshusha, akachomoa kisu.

Mfanafuthi akaruka kutoka kwenye pikapu, akamsukuma mzee wa watu hadi akakaa chini, akaifungua kamba.

"We mtoto una wazimu?" mzee akafoka. "Na hilo tawi liko wapi?"

Mfanafuthi hakumjibu. Haruhusiwi. Aliinama kwenye sikio la mbuzi.

"Baba, tumefika nyumbani," akanong'ona. "Kimbia!"