Firigisi ya Dada

Firigisi ya kuku siku zote ilikuwa ya dada. Mama mwenyewe aliichota chunguni akampa, na Chadia akameza mate. Dada aliporudi Kasongo kutoka India, kifua kina kovu na ndani yake moyo wa mtu mwingine, mtaa mzima ulikuja kumpa pole. Wivu ulimkaba Chadia kama mwiba wa samaki.

Sasa figo za dada zilikuwa zinakufa. Dawa za kuulinda moyo zilizichosha, na daktari alisema kuna kitu katika damu yake, alichorithi kwa baba na kwa mama pia. Atakayempa figo asiwe nacho.

Leo majibu ya kipimo cha damu ya Chadia yalifika kwa simu, wakati wa chakula.

"Weye hauna," mama alimwambia Chadia. "Hauna hata kidogo."

Hata hicho walimpa dada, Chadia aliwaza kwa uchungu.

Mama akaichota firigisi, akaiweka katika sahani ya Chadia.

"Kula, mama yangu."

Dada akainamisha macho. Chadia akaitafuna polepole. Mkono wa mama, ungali na mafuta, ukampapasa mgongoni, ukashuka, ukatulia juu ya kiuno, penye figo.