Kipande cha Plastiki Nyeupe

Kipande cha plastiki kilikuwa na siku tatu kwenye jokofu, katikati ya maziwa na nyanya, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kukisogeza.

Mama alikitoa asubuhi, kikiwa baridi kama barafu, akakikunja kwa nguvu zote. Alipokiachia, kikarudi kilivyokuwa. Akakitupa mezani.

"Sasa unakikasirikia nini?" aliuliza Mkasi, fundi mwenzake, aliyepewa jina hilo zaidi kwa sababu ya ulimi wake kuliko kazi yake. "Umekichemsha, kimetulia. Umekigandisha, kimetulia. Mimi ungenichemsha ningetaja hata dhambi za babu."

Mama hakucheka. Kwa miaka ishirini alikuwa akishona mabegi ya parachuti. Ndani ya vifuniko vya begi huwekwa plastiki ya kukazia, kitambaa kisilegee. Plastiki mbovu hujikunja kwa joto, ikabana vishikio vya kufungulia parachuti, na mrukaji akavuta mpaka mikono ikamwishia nguvu.

Begi la mwisho alimshonea mwanawe wa pekee, Unyoya. Mkasi alimshauri Mama aweke plastiki nyeusi, iliyozoeleka. Yeye akachagua nyeupe, maana ilikuwa nyepesi na mtoto mwenyewe mwembamba.

Unyoya alifika ardhini begi likiwa bado limefungwa.

Msibani watu walisema ajali haina kinga. Walisikitika kwamba siku ile alikuwa na haraka hata akasahau saa yake ya kupimia kimo angani juu ya cherehani ya mama yake, saa ambayo hakuwahi kuruka bila kuivaa. Mama hakuwaambia mengine: kwamba asubuhi hiyo Unyoya alitandika kitanda, yeye ambaye kitanda chake kilitandikwa kwa ugomvi, na kwamba alipofika getini alirudi kumkumbatia mara ya pili.

Wakaguzi walirudisha begi na karatasi yenye mstari mmoja: sababu haijulikani. Mama akafumua mishono yake mwenyewe, akaitoa plastiki.

Lilibaki jaribio moja. Siku ile begi lilikuwa limekaa ndani ya gari lililofungwa, juani, tangu asubuhi hadi saa nane. Akakiweka kipande kwenye kiti cha nyuma cha gari la Mkasi, akapandisha vioo, akakaa kwenye ngazi za mlangoni kukisubiri. Alikataa chai. Alikataa hata kivuli.

"Dada," Mkasi alisema, safari hii bila mzaha, "tukiache tu. Kikijikunja utaishije, ukijua ni mkono wako?"

"Nitaishi."

"Watu watasema umemuua mwanao."

"Waseme."

Mkasi alimtazama. Hakuwahi kuona mtu anayeogopa kiasi kile akiwa ametulia kiasi kile.

Saa nane Mkasi alifungua mlango wa gari, na joto likamvaa usoni. Aliingiza mkono, akatoka na kipande kikiwa kimenyooka kama rula.

"Kimenyooka!" alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Dada, huna kosa! Umesikia? Huna kosa!"

Mama alikichukua. Alikiweka kwenye goti, akakikandamiza kwa mikono miwili mpaka viganja vikabadilika rangi.

"Vunjika," alikiambia. "Nakuomba, vunjika."

Kikarudi kilivyokuwa.

Mkasi akacheka na kulia kwa pamoja, akamshika bega. "Basi, dada, shukuru. Si wewe."

Mama alitoa mfukoni saa ya Unyoya, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kama si mimi," alisema, "basi ni yeye."