Fungate Jumbani kwa Sultani

Vifaa vya kusikilizia maelezo vilikuwa vimebaki viwili, na watu walikuwa watatu.

"Maharusi mtatumia kimoja," alisema Vaileth, dada wa getini, alipoiona hina mikononi mwa Munira. "Kila mtu na sikio lake. Hapa hakuna wa kuwatembeza. Mkikuta namba ukutani, bonyezeni hiyohiyo, sauti itawaeleza. Na wewe shemeji, chako hiki."

Suleiman alikipokea. Shemeji. Munira alikuwa mke wake miaka na miaka, mpaka siku alipomtamkia talaka ya tatu kwa sababu ya tangi la maji lililoachwa likafurika. Ya kwanza ilikuwa ya chumvi, ya pili ya simu. Mara zote mbili alimrudia. Hii ya tatu ilipomtoka mdomoni, alikaa chini palepale kwenye maji.

Shehe alimweleza bila kupepesa macho. Humpati tena mpaka aolewe na mwingine, walale kweli kama mke na mume, kisha huyo mwingine naye amwache kwa hiari yake. "Na msipange," shehe akaongeza. "Mkipanga mnafanya mchezo na dini."

Suleiman akapanga. Alimfuata Mudathir, mchonga vinyago wa pale Mwenge, rafiki yake tangu utotoni Chamazi. Mtu mpole. Dhihaka zote za Suleiman zilimwishia yeye, na hakuwahi kujibu hata moja. Mudathir hakutaka hata nauli. Aliomba kitu kimoja tu: fungate ikiisha, ampeleke Munira kutembea kwenye jumba la sultani, Bunju, maana mwanamke alilitamani tangu zamani na hakuna aliyewahi kumpeleka. Wakimaliza kutembea atamwacha, Suleiman akiwa shahidi.

Fungate ilikuwa imekwisha asubuhi hiyo.

Walianzia hamamu, chumba cha mawe cha kuogea wake wa sultani. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo Munira na Mudathir walisimama vichwa vimegusana. Mmoja akigeuka, mwenzake anavutwa naye. Wakawa wanacheka. Suleiman alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho Munira alicheka namna hiyo mbele yake, akaona aache.

Munira alipoinama kuchungulia birika, Suleiman alimvuta Mudathir pembeni. "Mbona macho mekundu?"

"Hatujalala, braza. Tumekesha. Huyu mwanamke hachoki."

Suleiman akautazama ukuta. Ndivyo shehe alivyosema iwe, alijiambia. Pasipo hilo hakuna ndoa, na pasipo ndoa hiyo hakuna Munira. Alijiambia hivyo, lakini kifua kilikuwa kinamwaka.

Mudathir naye hakuwa na haraka. Kila namba aliisikiliza, akairudia.

"Twende basi," Suleiman alisema. "Sultani mwenyewe hakukaa humu muda wote huu."

"Muache," Munira akamjibu. "Mwenzio anamwonyesha mkewe nyumba. Nyie wengine mnajua kufungia tu."

Ghorofani Suleiman alijikuta peke yake. Wenzake walikwisha kushuka bustanini. Alibonyeza namba iliyokuwa kando ya dirisha.

"Hapa sultani alisimama kila alasiri," sauti ilimwambia sikioni, "akiwatazama wakeze huko chini, ajue nani anazungumza na nani. Mlango wa bustani ulifungwa kwa nje."

Chini kulikuwa na mikomamanga na ua wa asumini. Munira alikuwa anamnyoosha Mudathir kola ya shati. Mudathir akachuma asumini, akampa. Munira akainusa, akaichomeka ndani ya mtandio, karibu na sikio, akabaki anamtazama.

Hapo ndipo Suleiman alipoelewa kwamba Mudathir hamwachi. Nani angemwacha? Na hapakuwa na wa kumlazimisha. Si shehe, si polisi. Neno lilikuwa la Mudathir peke yake, akitaka atoe, asipotaka akae nalo mpaka azikwe nalo.

Aliteremka ngazi mbili mbili, sauti bado inamsimulia habari za sultani.

"Mudathir. Tulikubaliana."

"Bado namba moja, braza."

"Nakuomba, ndugu yangu."

Mudathir akamtazama, kama anavyotazama gogo kabla hajalitia tezo. "Hebu sema tena."

"Nakuomba."

"Munira, umemsikia?"

"Nimemsikia," Munira alisema. "Ila anamung'unya."

Suleiman alipiga magoti kwenye changarawe. Watalii wawili waliokuwa wanapita walisimama, wakadhani ni sehemu ya maonyesho. "Nakuomba, Mudathir. Nirudishie mke wangu. Nimekosa. Nakuomba."

Mudathir alichomoa kidude sikioni, akamgeukia Munira, akasema taratibu kama mtu anayeaga kazini: "Munira, nimekuacha. Suleiman shahidi."

Suleiman aliushika mkono wa Mudathir akaubusu, ule wenye sugu za patasi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alinyanyuka, akajikung'uta magoti, na ile sauti yake ya siku zote ya mwenye nyumba ikaanza kumrudia.

"Haya, kakae eda yako kwa mama," alimwambia Munira. "Mie nitasubiri. Ikiisha tu, nakuja kukuoa."

Munira alikuwa anakunja waya, polepole.

"Eda ya nini, Suleiman? Huyu hajanigusa hata siku moja. Nilimwomba asiniguse. Tumecheza bao fungate nzima."